Kenya na Somalia, 1963–1967: Maneno ya Uhasama na Maneno ya Mapatano

Tarehe 28 Oktoba 1967, mjini Arusha, Rais Jomo Kenyatta wa Kenya na Waziri Mkuu Mohamed Haji Ibrahim Egal wa Somalia walitia sahihi hati fupi ya makubaliano. Aliyewapatanisha alikuwa Rais Kenneth Kaunda wa Zambia, na mwenyeji wao alikuwa Mwalimu Julius Nyerere. Vita vilivyokuwa vikiendelea kaskazini mwa Kenya kwa karibu miaka minne vilianza kufifia tangu wakati huo. Jambo linalomshangaza msomaji anayeishika hati hiyo kwa mara ya kwanza ni kwamba haisemi mpaka wa nchi hizo mbili unapaswa kupita wapi. Mataifa mawili yaliyokuwa yakigombania ardhi yaliandika mapatano, na ardhi yenyewe hayakuigusa.

Wapo waliosema, wakati huo na baadaye, kwamba hati isiyotaja kiini cha ugomvi ni karatasi tu. Makala haya yanashikilia kinyume cha hivyo. Mataifa yaliyohasimiana kwa muda mrefu hayawezi kuanza na lile ambalo kila upande umeapa mbele ya raia wake kwamba hautaliachia kamwe. Huanza na namna ya kusemeana na ya kunyamaziana, na humo hupata nafasi ya kupumua. Arusha ilithibitisha hilo. Lakini Arusha ilidhihirisha pia jambo la pili, ambalo wanahistoria wa diplomasia hawakulitilia maanani sana, na ambalo wanafunzi wa lugha wana kila haki ya kuliuliza: ni nani hupewa jina linalomruhusu kuketi mezani, na ni nani hunyimwa?

Ugomvi wenyewe ni mkongwe kuliko uhuru. Mwaka 1925 Waingereza waliitoa Jubaland, pamoja na bandari ya Kismayu, katika Koloni la Kenya na kuwapa Wataliano, kutimiza ahadi walizopeana wakati wa Vita Kuu vya Kwanza. Mstari mpya uliwakata Wasomali bara, na pwani ukawakata Wabajuni, ambao visiwa na vijiji vyao huanzia karibu na Kismayu na kushuka hadi Lamu. Upande wa Kenya, Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliyojulikana zaidi kwa herufi zake N.F.D., ilifungwa kisheria tangu 1926: mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Kwa hiyo uhuru ulipokaribia, mtu wa Wajir na mtu wa Nyeri walikuwa wametawaliwa na gavana mmoja kwa miongo kadhaa pasipo kujuana.

Jamhuri ya Somalia ilizaliwa tarehe 1 Julai 1960, baada ya eneo lililokuwa la Waingereza na lile lililokuwa la Wataliano kuungana. Bendera yake ilibeba nyota yenye ncha tano. Ncha mbili zilikuwa za sehemu hizo zilizoungana. Tatu zilikuwa za Jibuti iliyokuwa bado chini ya Ufaransa, Ogaden iliyokuwa ndani ya Ethiopia, na N.F.D. Ni nadra taifa kuyaweka madai yake ya mipaka mahali ambapo kila mtoto wa shule aweza kuyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na ni rahisi kuona jinsi jambo hilo lilivyowafunga viongozi waliokuja baadaye. Waziri mkuu aweza kubadili sera. Ni vigumu zaidi kubadili nyota.

Mwaka 1962 Waingereza walituma tume ya watu wawili, Mnigeria mmoja na Mkanada mmoja, kuwasikiliza wenyeji wa wilaya sita za Garissa, Wajir, Mandera, Moyale, Marsabit na Isiolo. Tume iliona kwamba Wasomali na wengi wa Waislamu wenzao walitaka kujitenga ili hatimaye waungane na Somalia, na kwamba wenyeji wengine walitaka kubaki Kenya. Machi 1963 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba sehemu ya Wasomali ingekuwa jimbo la saba la Kenya. Somalia ilivunja uhusiano na Uingereza mwezi huo huo. Juni mwaka huo Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa pamoja na Chifu Haji Galma Dido, wote wawili wakiwa watu waliopinga kujitenga. Mazungumzo ya Waingereza na Wasomali huko Roma mwezi wa Agosti hayakuzaa kitu. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba. Tarehe 25 Desemba, kabla ya wiki mbili kutimia, ikatangaza hali ya hatari kaskazini mashariki.

Vita vilivyofuata vilikuwa vya kuvizia: vituo vya polisi vilishambuliwa usiku, magari ya serikali yalivamiwa barabarani, na baadaye mabomu yakafukiwa njiani. Serikali ilijibu kwa jeshi, na kuanzia 1966 kwa kuwakusanya wafugaji katika vijiji vilivyolindwa na askari, mbinu ambayo Waingereza walikuwa wameitumia Kenya ya kati katika miaka ya 50 dhidi ya baadhi ya watu ambao sasa walikuwa serikalini. Mfugaji wa ngamia akifungiwa kijijini hupoteza mifugo, kwa kuwa malisho hayamfuati. Wasomali wana msemo usemao *nabad iyo caano, col iyo abaar*, yaani amani na maziwa, uhasama na ukame. Msemo huo si wa kishairi kwa wafugaji, ni hesabu ya mali. Mborana naye humwamkia mwenziwe kwa neno *nagaa*, na Msomali kwa *nabad*, na yote mawili maana yake ni amani. Watu ambao amani ni salamu yao ya asubuhi ndio walioikosa.

Methali ya mafahali wawili na nyasi imetumiwa mara nyingi kueleza vita hivi. Haitoshi. Katika methali nyasi hazina neno la kusema. Watu wa N.F.D. walikuwa na vyama vya siasa, walikuwa wametoa ushahidi mbele ya tume, na baadhi yao walikuwa na bunduki. Wao hawakuwa nyasi za mafahali wa nje. Kwa kiasi kikubwa ugomvi ulikuwa ni wao. Hapa ndipo suala la majina linapoingia.

Neno *shifta* limetoka Ethiopia. Katika Kiamhara lina pande mbili. Shifta ni mnyang'anyi wa njiani. Lakini shifta ni pia mtu aliyekimbilia porini kumwasi mtawala, na wapo waliotoka katika maisha hayo wakapata heshima kubwa. Maliki Tewodros II, aliyetawazwa mwaka 1855, alianza hivyo. Neno hili lilipoingia katika Kiswahili cha serikali na magazeti ya Kenya, upande wa pili ulianguka njiani. Shifta akawa mwizi wa mifugo mwenye silaha, na wingi wake ukawa *mashifta*, neno likaketi pamoja na majambazi, majangili na maharamia. (Kiambishi chenyewe hakina hatia: *ma-* ndiyo hubeba pia mabalozi na mawaziri.) Mogadishu, kwa upande wake, watu hao hao waliitwa wapigania uhuru waliokuwa wakiikomboa nchi yao. Kila jina lilifunga mlango mmoja. Mwizi hazungumzwi naye, hukamatwa. Mpigania uhuru naye haambiwi arudi nyumbani na kuridhika na mpaka wa mkoloni.

Majina hayo yalisafiri kwa redio, na umuhimu wa redio katika ugomvi huu hauwezi kueleweka bila kukumbuka hali ya lugha ya Kisomali wakati ule. Kisomali hakikuwa na maandishi rasmi hadi mwaka 1972, serikali ilipochagua herufi za Kilatini. Shughuli za serikali ziliendeshwa kwa Kiingereza, Kiitaliano na Kiarabu. Lakini Wasomali ni watu wa shairi la mdomo, na shairi hilo kwao si pambo: ndilo lililokuwa chombo cha kushtaki, kutetea, kuchochea na kusuluhisha. Redio ilipofika ililichukua shairi kutoka kisimani na kulirusha mamia ya maili. Beti juu ya ndugu waliotengwa ng'ambo ya mpaka zilisikika Mandera siku ile ile zilipotangazwa Mogadishu. Redio Mogadishu ilitangaza pia kwa lugha nyingine, Kiswahili kikiwamo, ili iwafikie Wakenya. Sauti ya Kenya nayo ikawa na matangazo ya Kisomali. Kwa hiyo katika miaka hiyo Kiswahili, ambacho viongozi wa Afrika Mashariki walikuwa wakikisifu kuwa ni lugha ya umoja, kilikuwa kikitumiwa na nchi mbili jirani kutukanana.

Jaribio la kwanza la kuwasuluhisha lilifanywa Desemba 1965, nalo lilikuwa Arusha vilevile. Mwalimu Nyerere aliwakutanisha Rais Kenyatta na Rais Aden Abdulle Osman wa Somalia. Mkutano ulivunjika. Sababu yake si siri: pande zote mbili zilianza na kiini. Kenya ilitaka Somalia ikane madai yake juu ya ardhi ya Kenya. Somalia ilitaka ikubaliwe kwanza kwamba watu wa N.F.D. wana haki ya kujiamulia. Kila moja ya hoja hizo ilikuwa na msingi wake. Kenya ilikuwa na azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) lililopitishwa Cairo Julai 1964, ambalo liliwataka wanachama waheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru. Somalia haikulikubali azimio hilo, na ilikuwa na matokeo ya tume ya Waingereza wenyewe. Hoja mbili zenye msingi zikikabiliana uso kwa uso, hakuna inayoshinda, na wenye nazo hurudi nyumbani wakiwa wakali kuliko walivyokuja. Mwaka 1966 Kenya ilipiga marufuku biashara na Somalia.

Miaka miwili baadaye meza ilikuwa katika mji ule ule. Je, nini kilichobadilika? Wako wanaosema kwamba waasi walikuwa wamechoka na kwamba mapatano yaliandika tu yale ambayo jeshi lilikwisha kuyaamua. Hapana shaka uchovu ulikuwapo. Vijiji vya kulazimishwa vilikuwa vimewatenga wapiganaji na watu waliowalisha, na gharama ya vita iliilemea Kenya pia. Somalia nayo ilibanwa kila upande. Machi 1967 wapigaji kura wa Jibuti, katika uchaguzi ulioendeshwa na Wafaransa na uliolalamikiwa sana, walitangazwa kuwa wamechagua kubaki na Ufaransa. Juni mwaka huo vita vya Mashariki ya Kati vikaufunga Mfereji wa Suez, na ndizi za Somalia, zilizotegemea soko la Italia, zikalazimika kuzunguka bara zima. Hata hivyo uchovu huwaleta watu mezani tu. Hauwaandikii cha kusema. Mataifa mengi yamechoka na bado yakaendelea kupigana, kwa sababu hakuna aliyepata sentensi ambayo pande zote mbili zingeweza kuitamka.

Sentensi hiyo ilitafutwa na Egal. Alikuwa ameteuliwa waziri mkuu Julai 1967, baada ya Abdirashid Ali Shermarke kumshinda Aden Abdulle Osman katika uchaguzi wa urais. Egal alitoka kaskazini, sehemu iliyokuwa chini ya Waingereza, na alisoma Uingereza, nchi ambayo Kenyatta pia aliishi kwa miaka mingi. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuitetea: Somalia haiachi imani yake kuhusu watu wake walio ng'ambo, lakini imani hiyo haitendeki kwa bunduki, na uhasama na majirani unawaumiza wale wale inaodai kuwatetea. Septemba 1967, katika mkutano wa wakuu wa OAU huko Kinshasa, Kaunda aliwakutanisha Egal na ujumbe wa Kenya. Wakatoa tamko la pamoja kwamba kila nchi itaheshimu mamlaka na ardhi ya mwenzake kwa mujibu wa katiba ya OAU, kwamba zitalinda amani pande zote mbili za mpaka, na kwamba zitaacha kushambuliana kwa redio na magazeti. Arusha ikafuata mwezi uliofuata.

Msuluhishi naye hakuwa mtu wa kupitia tu. Nyerere alikuwa jirani wa Kenya na mshirika wake katika huduma za pamoja za Afrika Mashariki. Zambia haikuwa na mpaka wala udugu wa damu na yeyote kati ya mahasimu hawa. Katika desturi za upatanishi za Wasomali, na za Waswahili pia, mzee wa nje ana uzito wake: mtu aweza kumkubalia yeye jambo ambalo akimkubalia hasimu wake moja kwa moja ataonekana ameshindwa.

Hati ya Arusha ni ya kusomwa kwa makini kama matini. Inaanza kwa ahadi ya ujirani mwema. Kisha inakiri kwamba kuendelea kwa mvutano hakuna faida kwa watu wa nchi yoyote kati ya hizo mbili. Hapo tayari pana ufundi, kwa sababu hakuna anayelaumiwa. Mvutano unatajwa kana kwamba ni hali ya hewa. Baadaye yanakuja ya vitendo: kulinda maisha na mali, kuacha propaganda ya uadui, kuondoa polepole kanuni za hali ya hatari, kufungua tena uhusiano wa kibalozi, kufikiria kukuza biashara, na kuunda kamati ya Somalia, Kenya na Zambia itakayokutana mara kwa mara. Kamati hiyo ilipewa pia kazi ya kutafuta njia za kumaliza tofauti za nchi hizo mbili, kubwa na ndogo. Mpaka umo humo. Msomali aliyesoma maneno hayo aliweza kusema kwamba suala la N.F.D. bado liko wazi, na Mkenya aliyeyasoma aliweza kusema kwamba halikutajwa. Mfasiri aliyezoea kuona utata kuwa ni kasoro ya lugha atasumbuka hapa, kwani katika hati hii utata ndio uliobeba mzigo wote.

Jambo lingine la kuangaliwa ni kifungu cha propaganda. Hati haikuishia kukataza matusi; ilizitaka nchi hizo mbili zihimize matangazo yanayokuza urafiki. Mtu aweza kulicheka sharti hilo. Lakini ukikumbuka nafasi ya shairi na redio katika siasa za Wasomali, utaona kwamba hapa Egal alitoa kitu cha thamani kuliko silaha, maana silaha alizokuwa nazo zilikuwa chache na sauti ilikuwa kubwa. Nyumbani alilaumiwa vikali. Wapinzani wake walidai kwamba ameuza ndugu zao, na chama chake mwenyewe kiligawanyika. Lawama hii ndiyo inayomkuta kila kiongozi anayezungumza na adui wa siku nyingi, nayo ina mantiki ya uongo ndani yake, kwamba kuketi na mtu ni kukubaliana naye. Egal hakuikana nyota ya bendera. Kenyatta hakuachia hata shubiri moja ya Kenya. Kila mmoja alirudi kwao na dai lake likiwa zima.

Kipimo cha mapatano kilikuja mapema kuliko ilivyotazamiwa. Uhusiano wa kibalozi ulifunguliwa 1968, na katika miaka hiyo Somalia ikawa miongoni mwa nchi zilizoomba kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule. Oktoba 1969 Rais Shermarke aliuawa, siku chache baadaye jeshi likatwaa serikali chini ya Mohamed Siad Barre, na Egal akatiwa kizuizini. Pengine ilidhaniwa kwamba kila alichokisaini kingechanwa. Hakikuchanwa. Somalia iliposhambulia mwaka 1977 ilishambulia Ogaden. Mpaka wa Kenya haukuwaka moto wa namna hiyo. Ni kweli kwamba Kenya haikuacha kushuku: mkataba wake wa ulinzi na Ethiopia ulifanywa upya 1979. Kushuku na kuzungumza huweza kukaa nyumba moja kwa miaka mingi. Mwaka 1981, huko Nairobi, Siad Barre alitamka kwamba Somalia haina dai lolote juu ya ardhi ya Kenya. Ndilo neno lile ambalo Kenya ilitaka kulipata kwa mkupuo mmoja Desemba 1965 ikalikosa. Lilikuja miaka 14 baada ya mapatano ambayo hayakulidai.

Basi hoja ya mazungumzo inasimama. Lakini mtu asome tena orodha ya waliokuwapo Arusha. Serikali ya Kenya ilikuwapo, ya Somalia ilikuwapo, ya Zambia ilikuwapo. Wajir haikuwapo. Na hapa jina *shifta* linaonyesha kazi yake ya pili, ambayo huenda waliolieneza hawakuikusudia. Ikiwa waasi ni wezi tu, basi hawana siasa; na ikiwa hawana siasa, siasa yote ya ugomvi iko Mogadishu. Kwa njia hiyo Kenya iliweza kuzungumza na Mogadishu bila kuonekana imewapigia magoti raia wake waasi. Jina lililofungua mlango wa diplomasia ndilo lililowafungia nje wenyeji. Somalia nayo, iliyodai kuwasemea, ilinyamaza kwa niaba yao bila kuwauliza.

Matokeo yake yanaonekana katika sheria. Mwaka 1970 Bunge la Kenya lilipitisha sheria iliyozuia madai dhidi ya watumishi wa serikali kwa mambo yaliyotendwa wakati wa vita hivyo kati ya tarehe 25 Desemba 1963 na 1 Desemba 1967, katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na katika wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Tarehe hizo mbili zinafaa kutazamwa. Ya pili inaangukia mwezi mmoja na siku chache baada ya Arusha: serikali ilikiri kwa kalenda kwamba palikuwa na vita na kwamba vilikwisha, na katika sentensi ile ile ikafunga daftari la waliodhulumiwa. Zile kanuni maalum ambazo hati ya Arusha iliahidi kuziondoa polepole zilidumu kwa namna mbalimbali hadi 1991. Februari 1984, katika uwanja wa ndege wa Wagalla karibu na Wajir, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na majeshi ya usalama na wengi wakauawa. Serikali ilitaja watu 57, hali wengine wametaja mamia na hata maelfu. Desemba ya mwaka huo huo Kenya na Somalia zilitia sahihi makubaliano mapya ya usalama wa mpakani. Amani ya dola na amani ya kisimani zilikuwa vitu viwili.

Hiyo ya pili ilitafutwa na wenyeji wenyewe, tena kwa njia zinazofanana ajabu na za Kaunda. Koo za Wajir zilipopigana mwanzoni mwa miaka ya 90, kundi la wanawake lililoanzia sokoni lilikwenda kwa wazee, likatumia wazee wa koo ndogo zisizohusika kuwa wapatanishi, na mwaka 1993 likapatikana Azimio la Al-Fatah. Mmoja wao, Dekha Ibrahim Abdi, alipewa tuzo ya kimataifa mwaka 2007. Azimio la Modogashe la 2001 liliendeleza kazi hiyo likihusu malisho, maji na fidia ya mifugo. Fidia! Ndilo jambo ambalo hati ya Arusha haikulitaja na sheria ya 1970 ililikataza.

Pwani hakukuwa na azimio. Vijiji vya Wabajuni vilivyokuwa barani kaskazini mwa Lamu vilihamwa katika miaka ya 60 kwa hofu ya mashambulizi, na watu wakahamia visiwani, Malindi na Mombasa. Dola ya Somalia ilipoanguka 1991, Wabajuni wa upande wa pili na watu wa Barawa, wasemaji wa Chimwini, walipanda majahazi kuja Mombasa, na wengi wakaendelea hadi Ulaya na Marekani. Lahaja zao zimeandikiwa vitabu vizuri. Nafasi yao katika mazungumzo ya mpaka haijaandikiwa kitu.

Desemba 2020 Somalia ilivunja tena uhusiano na Kenya, safari hii katika mvutano wa siasa za Jubaland na wa mipaka ya bahari, ambao Somalia ilikuwa imeupeleka mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki tangu 2014. Miezi mitano haikutimia: Mei 2021 uhusiano ulirejeshwa kwa upatanishi wa Qatar, na hukumu ya bahari ilipotolewa Oktoba mwaka huo, na Kenya kuikataa, mabalozi hawakuitwa nyumbani. Machi 2024 Somalia ilikamilisha uanachama wake katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile mpya, zaidi ya nusu karne baada ya ombi lake la kwanza. Kabla ya hapo, Mei 2023, serikali hizo mbili zilikuwa zimetangaza kwamba vituo vya mpakani vya Mandera, Liboi na Kiunga vingefunguliwa kwa awamu. Julai, baada ya mashambulizi, Kenya ikaahirisha. Kiunga ni mji wa Wabajuni; ng'ambo ya mstari, safari fupi kwa mashua, wamo jamaa zao.